Damu ya kijani: rangi za jua zinapotelea wapi baharini?

Video yenyewe haifiki dakika moja. Mzamiaji yuko chini mwambani, amejikwaruza kidole kwenye tumbawe, na damu inamtoka taratibu kama moshi. Ila si nyekundu. Ni kijani kilichokolea, kama mchuzi wa kisamvu. Ilipofika kwenye makundi ya WhatsApp ya huku kwetu Tanga ilizua mabishano ya siku tatu. Barazani Sahare nilikuta watu wameshagawanyika: mmoja anasema picha imechezewa, mwingine anaapa kwamba chumvi ndiyo inayogeuza damu, wa tatu amenyamaza lakini uso wake unasema jini. Kijana mmoja wa sekondari akatupa swali lake: "Si tunaambiwa chini ya bahari ni giza? Sasa huyo hicho kijani anakionaje?"

Mzee mmoja mvuvi wa mshipi, aliyekuwa anafunga chubwi kwenye uzi wake, hakuinua hata kichwa. "Wanangu, huko chini nyekundu haifiki," alisema. "Kungu, yule samaki mwekundu, ukimvuta kutoka mwambani, akiwa bado mbali unamwona mweusi. Akikaribia ngalawa ndiyo anaanza kuwaka."

Mzee alikuwa amemaliza kazi. Jibu lote limo humo, na amelipata kwa macho yake mwenyewe, bila maabara. Lakini wale vijana hawakuridhika, na mimi naona wana haki ya jibu refu, kwa sababu jambo hili linagusa mwani unaolimwa pwani yetu, nyasi za bahari, dagaa, na yule samaki wa ajabu anayeifanya Tanga itajwe duniani.

Tuanze na mwanga wenyewe. Mwanga wa jua tunauita mweupe, kumbe ni mchanganyiko wa rangi zote unazoziona kwenye upinde wa mvua: nyekundu, chungwa, njano, kijani, buluu, zambarau. Zinasafiri pamoja, ndiyo maana hatuzitambui moja moja. Zikiingia majini zinapatwa na mambo mawili. La kwanza ni kumezwa: maji yanauchukua mwanga na kuugeuza kuwa joto, na mwanga ule haupo tena. La pili ni kutawanywa: mwanga unagonga chembe, unapinda na kushika njia nyingine. Huo haujafa, umepotezwa njia tu. Na kina nitakihesabu kwa pima, kipimo cha mabaharia wetu: mtu akinyoosha mikono yote miwili, kutoka ncha ya kidole cha kulia hadi ncha ya kidole cha kushoto ni pima moja, kama mita 1.8.

Wengi hudhani bahari inapunguza mwanga kama mtu anayeshusha utambi wa taa, rangi zote zikififia kwa pamoja. Sivyo. Maji huchagua. Nyekundu huyameza upesi mno, chungwa yanafuatia, kisha njano, kisha kijani, na buluu yanaigusa kidogo kidogo sana.

Fikiria mtoto aliyetumwa mtaani na sinia la vitumbua 64, na kila nyumba anayopita inachukua nusu ya vile ilivyovikuta. Nyumba ya kwanza inambakizia 32, ya pili 16, ya tatu 8, kisha 4, kisha 2. Akitoka nyumba ya sita, sinia lina kitumbua kimoja. Hakuna nyumba iliyonyang'anya vyote, na hakuna mahali unapoweza kusimama ukasema hapa ndipo vitumbua vilipokwisha. Vimekwisha kwa nusu nusu.

Nyekundu inaliwa hivyo hivyo. Katika maji maangavu, kila pima moja hula takriban nusu ya nyekundu iliyolifikia. Shuka pima sita, yaani mita 11 hivi, na sinia la nyekundu limebaki na kitumbua kile kimoja. Buluu nayo nyumba zake ziko mbalimbali: katika maji safi kabisa ya bahari kuu, inachukua kama pima 20 kwenda chini ndipo ipungue nusu. Rangi mbili zimeanza safari pamoja, moja inatozwa kila pima, nyingine kila pima 20. Huhitaji kuwa mwanahesabu kujua nani atakayebaki barabarani.

Sasa mrudie kungu wa mzee. Samaki hana taa. Wekundu wake ni nyekundu ya jua iliyomgonga ikarudi machoni mwetu. Akiwa pima tano chini, nyekundu imeshuka pima tano kumfikia, na lazima ipande pima tano nyingine kutufikia sisi ngalawani. Jumla pima kumi. Ushuru unalipwa kwenda na kurudi. Ndiyo maana anaonekana mweusi mahali ambapo samaki mweupe bado unamwona vizuri, na ndiyo maana samaki na kamba wengi wa vilindini ni wekundu: kule chini, nyekundu ni vazi la kujifichia.

Na damu? Damu tunaiona nyekundu kwa sababu inarudisha nyekundu kwa wingi na kumeza sehemu kubwa ya rangi nyingine. Lakini haizimezi zote. Kijani kidogo nacho kinarudi. Hapa juu hicho kijani hatukioni, kimezidiwa nguvu. Ukiwa chini pima kumi na zaidi, hakuna nyekundu ya kurudisha, na kile kijani kidogo kinabaki peke yake. Damu haijageuka. Mzamiaji angewasha tochi karibu na kidole, ingekuwa nyekundu papo hapo, kwa sababu mwanga wa tochi umesafiri shubiri mbili tu za maji. Kwa hiyo picha haikuchezewa, chumvi haihusiki, na jini tumwache apumzike.

Lakini bahari si ni buluu kwa sababu ya mbingu?

Hili ndilo kosa ninalolisikia kuliko yote, na lugha yetu yenyewe inalisaidia, maana samawati ni neno la mbingu. Ni kweli kwamba uso wa maji ni kioo. Ukikaa Raskazone jioni ukatazama mbali, sehemu ya unachokiona ni mbingu iliyolala juu ya maji. Mawingu yakitanda, bahari nayo inanuna. Lakini mzamiaji aliye chini, anayetazama kando ambako hakuna mbingu wala mawingu, anaona buluu pande zote. Hiyo haikutoka juu. Ni buluu iliyoachwa baada ya maji kumeza rangi nyingine, kisha ikatawanywa mpaka ikamfikia.

"Mbona maji ya glasi hayana rangi?" Kwa sababu ni machache. Chukua kioo cha dirisha: ukikitazama usoni hakina rangi, lakini kigeuze uangalie ukingoni, pale jicho linapopenya urefu wote wa kioo, utaona kijani. Rangi ilikuwemo siku zote, ila ilihitaji unene ili ionekane. Buluu ya maji nayo inahitaji pima za kutosha.

Na kuna kosa dogo linalofanana na hilo: kwamba maji yakionekana meusi basi ni kilindi. Wavuvi hawadanganyiki hapo. Mara nyingi lile doa jeusi katikati ya maji mepesi ya kijani ni nyasi za bahari tu, na ukishuka maji yanakufika kiunoni.

Maji yetu ya karibu yana mambo yake

Hesabu ya buluu na pima 20 ni ya bahari kuu iliyo safi. Ukija ghuba ya Tanga mwezi wa nne, mvua za masika zimeshika, Mto Mkulumuzi na Mto Zigi vinashuka vikiwa rangi ya chai ya maziwa, na kule kusini Pangani inamwaga udongo iliouzoa njia nzima, hesabu inavurugika kabisa.

Udongo hutawanya mwanga ovyo. Vijimea vidogo visivyoonekana kwa macho, vinavyoelea kwa mamilioni na kunenepa kwa mbolea iliyokuja na mito, humeza buluu na nyekundu na kuacha kijani. Kisha kuna ile rangi ya majani yaliyooza, hasa ya mikoko, inayoyapa maji sura ya chai ya rangi. Hiyo inaanza kwa kuimeza buluu. Matokeo yake ni kwamba mpangilio unageuka: ile rangi iliyokuwa msafiri wa mbali katika bahari kuu sasa inakatwa mapema, na kijani au kinjano ndicho kinachofika chini zaidi kuliko vingine, nacho si mbali. Ndiyo maana maji ya ghuba ni ya kijani au kahawia na ya nje ya mwamba ni buluu, chini ya mbingu ile ile moja.

Niseme hapa neno moja kuhusu lugha, kwa sababu limewachanganya wageni wengi. Mvuvi akikuambia "bahari imechafuka" hasemi uchafu. Anasema kuna mawimbi, usitoke. Bahari inaweza kuchafuka huku maji ya nje yakiwa maangavu, na inaweza kuwa shwari kama sinia huku maji yakiwa tope tupu. Msimu wa kusi mambo yote mawili hukutana: upepo unapiga, mawimbi yanafukua mchanga na tope la kina kifupi. Kaskazi ikiingia, mawimbi yanatulia, tope linatuama, na mwanga unashuka mbali zaidi.

Kupima hayo hakuhitaji mashine. Mwaka 1865 kasisi na mwanafalaki wa Italia, Angelo Secchi, alishusha sahani nyeupe baharini kwa kamba na kuandika kina ambacho ilipotea machoni. Mpaka leo wanasayansi hutumia njia hiyo hiyo na kifaa kinaitwa kwa jina lake. Mimi nilichukua sahani nyeupe ya bati, nikaitoboa pembeni matundu matatu, nikafunga jiwe chini yake na kamba yenye fundo kila nusu pima. Unaishusha upande wa kivuli wa ngalawa, saa sita mchana, mpaka isionekane. Unaivuta taratibu mpaka ionekane tena. Katikati ya hapo ndipo penye kipimo. Wanaopima hukadiria kwamba kina hicho ukikizidisha mara mbili na nusu hivi, unapata mahali ambapo mwanga umebaki asilimia 1 ya ule wa juu, na hapo ndipo mimea mingi ya baharini inaposhindwa kuishi.

Siku moja ya masika, mbele ya Sahare, sahani yangu ilizama kwenye tope kabla hata ya fundo la tatu. Pima moja na nusu haijatimia! Nilibaki nimeshika kamba nikifikiria nyasi za bahari zilizo chini yangu. Nyasi si mwani. Ni mimea yenye mizizi na maua, na ina tamaa kubwa ya mwanga, asilimia 10 na zaidi ya mwanga wa juu. Tope la siku tatu zinalivumilia. Tope la miezi, linalotoka kwenye milima iliyokatwa miti na kingo za mito zilizolimwa mpaka majini, ni kama mtu kufungiwa madirisha na kuambiwa aendelee kuishi. Zikifa nyasi, tasi na changu wadogo wanakosa pa kukulia. Matumbawe nayo yanalishwa na vijimea vinavyoishi ndani ya mwili wake, na vijimea hivyo havili kitu kingine ila jua. Hili linaniuma, kwa sababu watu huhesabu miti iliyokatwa mlimani lakini hawahesabu mwanga uliopotea baharini kwa miti hiyo hiyo.

Mita 200, mita 1,000

Yule kijana wa sekondari hakukosea sana. Vitabuni bahari imegawanywa: mita 200 za kwanza ni tabaka la mwanga, kutoka hapo hadi mita 1,000 ni la utusitusi, na chini yake ni giza. Kosa ni kudhani kuna ukuta. Namba hizo mbili zinajibu maswali mawili tofauti. Mita 200 ni swali la mmea: je, mwanga uliobaki unatosha kujitengenezea chakula? Chini ya hapo kwa kawaida hautoshi hata katika maji safi kabisa, na katika maji yetu ya karibu jibu linakuwa hapana mapema zaidi. Mita 1,000 ni swali la jicho: je, kiumbe mwenye macho makali kuliko wote bado anaona dalili yoyote ya jua? Zaidi ya hapo, hata yeye haoni.

Kati ya hizo mbili ni kama muda wa Magharibi kuelekea Isha. Jua limezama, taa hujawasha, bado unamtambua mtu kwa umbo lakini huwezi kusema kanga yake ni rangi gani. Mmarekani William Beebe alijionea kwa macho yake karibu na visiwa vya Bermuda. Mwaka 1934, yeye na mwenzake Otis Barton walijifungia ndani ya tufe la chuma lenye vidirisha, wakashushwa kwa waya mpaka mita 923. Buluu ilizidi kukolea na kufifia kadiri walivyoshuka, na kufikia karibu mita 600 macho ya Beebe hayakupata tena mwanga wowote wa jua. Kina cha wastani cha bahari zote duniani ni kama mita 3,700. Kwa hiyo sehemu kubwa ya bahari haijawahi kuona mchana tangu iumbwe.

Haimaanishi hakuna uhai huko. Wapo viumbe wanaokula mabaki yanayonyesha kutoka juu kama vumbi la unga, na mwaka 1977 watafiti karibu na visiwa vya Galápagos waligundua chemchemi za maji moto chini ya bahari zenye jamii nzima za viumbe wanaoanzia chakula chao kwenye kemikali za ardhini badala ya jua.

Kwetu Tanga utusitusi hauko mbali. Ukitoka nje ya mwamba, sakafu inateremka ghafla kuelekea mkondo wa Pemba, na huko kwenye miteremko ndiko anakokaa silikanti. Wataalamu walidhani samaki huyu alitoweka miaka milioni 66 iliyopita, mpaka mmoja alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Kuanzia mwaka 2003 akaanza kunaswa Tanzania, na nyavu za jarife zilizotegwa vilindini karibu na Tanga zilimleta mara nyingi kiasi kwamba mwaka 2009 ikaanzishwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake. Watu huuliza alijificha wapi. Jicho lake linajibu: limetengenezwa kwa ajili ya buluu hafifu tu, ile rangi ya mwisho inayofika kilindini, na nyuma lina utando unaorudisha mwanga upite mara ya pili, kama jicho la paka usiku. Hakujificha. Anaishi mahali ambapo sisi hatuoni.

Wavuvi wa dagaa nao wanaishi kwa hesabu ya mwanga bila kuiita hivyo. Mchana viumbe wadogo wengi hushuka utusitusini kuwakimbia wanaowala. Jua likizama hupanda juu kula, kisha hushuka kabla ya alfajiri. Safari hiyo hufanyika kila siku katika bahari zote, na hakuna uhamaji wa wanyama duniani unaoifikia kwa wingi. Dagaa huifuata riziki. Usiku wa giza, karabai moja juu ya maji inakuwa jua pekee lililopo, na samaki wanaikusanyikia. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi wanapumzika, ingawa nuru ya mwezi ni dhaifu kuliko ya jua kama mara 400,000. Kwa macho yaliyozoea kilindi, hiyo inatosha kuifanya karabai isionekane kitu.

Wiki iliyopita nilikwenda na sahani yangu kwa mama mmoja mlima mwani. Maji ya kina kifupi siku hizi yanapata joto mno mchana, mwani unaugua na kukatika, na ameshauriwa asogeze kamba zake kwenye maji marefu. Alikuwa na wasiwasi: "Huko kirefuni mwani wangu si utakosa jua?" Nikamwambia kinachohesabika si kina cha bahari, mama, ni kina cha mwani wenyewe. Tulishusha sahani pembeni ya maboya yake. Ilipotea kwenye fundo la tano, pima mbili na nusu. Mara mbili na nusu ya hapo ni kama pima sita za mwanga. Akaivuta kamba ya mwani kidogo kuangalia. Ilikuwa mkono mmoja tu chini ya maji.